ROBERT WANGILA: KIJANA WA NAIROBI ALIYETWAA DHAHABU YA NGUMI

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mliopo shuleni sasa,

Kamati ya jarida letu iliniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Najua wengi mlitazamia nichague mtemi au mwanasiasa. Mimi nimemchagua mwanamasumbwi. Jina lake ni Robert Napunyi Wangila wa Kenya, ambaye mwaka 1988, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuiletea nchi ya Kiafrika medali ya dhahabu ya ngumi.

Huenda mtu akauliza: sisi watu wa Bariadi, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe, tuna uhusiano gani na bondia wa Nairobi? Uhusiano upo. Siku hizi ngumi za kulipwa zimeenea Tanzania nzima, na hapa mkoani Simiyu pia wapo vijana wanaojifunga vitambaa mikononi jioni na kupiga gunia la mchanga lililotundikwa mwembeni. Kila ninapozungumza nao, wananitajia mikanda na fedha. Ni wachache wanaonitajia njia ya kufikia huko, na ni wachache zaidi wanaojua njia hiyo ilimfikisha wapi mmoja wa mabondia bora kuliko wote waliowahi kutokea Afrika Mashariki.

Kuzaliwa kwake

Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba, 1967, Kenya ikiwa haijatimiza miaka minne tangu ipate uhuru. Nairobi ya wakati ule ilikuwa ikiwavuta watu kutoka kila upande wa nchi, wakitafuta kazi za reli, za viwandani na za majumbani. Mitaa ya mashariki ya mji ilijaa familia zilizoishi katika vyumba vidogo, na watoto wake walicheza katika viwanja vya vumbi.

Mitaa hiyo ilikuwa na kumbi za jamii, mathalani Kaloleni na Pumwani. Humo watu walifanya mikutano, harusi na dansi, na humo humo walitazama ngumi. Kijana hakuhitaji fedha nyingi ili aanze. Alihitaji ukumbi, mwalimu mwenye subira, na jozi ya glavu za kuazimana. Mchezo ulikuwa na vilabu vya polisi, vya jeshi, vya magereza na vya makampuni. Bondia hodari aliweza kuajiriwa, akafanya kazi yake, akapokea mshahara wake wa mwezi, na jioni akaenda mazoezini. Hakulipwa kwa kupigana. Huo ndio uliokuwa mpango wa ngumi za ridhaa, na ndio uliozaa mabingwa wa Kenya kwa zaidi ya miaka 20.

Ngumi za ridhaa ni zipi

Kwa wale wasioujua mchezo huu, sina budi kueleza kidogo, kwa maana maisha ya Wangila hayaeleweki bila jambo hili.

Katika ngumi za ridhaa za wakati ule, pambano lilikuwa la raundi 3, kila raundi dakika 3, na pumziko la dakika moja kati ya raundi na raundi. Yaani kazi yote ilikuwa dakika 9. Tangu Olimpiki ya 1984 bondia alivaa pia kofia ya kukinga kichwa. Waamuzi 5 walikaa pembeni wakihesabu makonde safi, na mwamuzi wa kati alikuwa na amri ya kusimamisha pambano mara tu aonapo mmoja amezidiwa. Asubuhi ya siku ya pambano bondia alipanda mizani. Uzito wa Wangila uliitwa welta, na kikomo chake kilikuwa kilo 67. Aliyezidi hata kidogo alifungiwa nje.

Kwa hiyo bondia wa ridhaa aliishi ndani ya mipaka mingi: mpaka wa uzito, mpaka wa muda, mpaka wa mwamuzi, mpaka wa mwalimu wake na wa daktari wa timu. Kijana asiyejua mchezo huidharau mipaka hiyo na kuiona kama minyororo. Lakini ndani ya mipaka hiyo ndimo Wangila alimokua na ndimo alimopata ubingwa.

Dhahabu iliyokuwa ikitukwepa

Ili tuone ukubwa wa jambo alilolifanya, tuangalie waliomtangulia.

Mwaka 1968 kule Mexico, Eridadi Mukwanga wa Uganda alifika fainali akashindwa, akarudi na fedha. Mwaka huo huo Philip Waruinge wa Kenya alipata shaba, lakini ufundi wake uliwapendeza wakubwa wa mchezo hata wakampa Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote katika Olimpiki. Mwaka 1972 kule Munich, Waruinge alifika fainali, waamuzi watatu wakampa ushindi Mrusi na wawili wakampa yeye. Fedha tena. Katika michezo hiyo hiyo Leo Rwabwogo wa Uganda naye alipata fedha.

Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, ziligoma kwenda Montreal kwa sababu ya uhusiano wa New Zealand na Afrika Kusini ya makaburu katika mchezo wa raga. Mabondia wa kizazi kile walikaa nyumbani. Mwaka 1980 Kenya haikwenda Moscow. Uganda ilikwenda, na John Mugabi akafika fainali katika uzito ule ule wa welta, akashindwa. Mwaka 1984 kule Los Angeles, Ibrahim Bilali wa Kenya alipata shaba.

Hesabuni wenyewe: fainali nne za Olimpiki, Waafrika Mashariki wanne, na wote wakarudi na fedha. Nasi Watanzania tulikuwa na uchungu wetu, maana mwaka 1970 kule Edinburgh, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Titus Simba wetu alifika fainali ya uzito wa kati akakutana na Mwingereza John Conteh, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa. Simba alirudi na fedha. Ilibidi tungoje hadi mwaka 1998, kule Kuala Lumpur, ndipo Michael Yombayomba alipotuletea dhahabu ya ngumi ya Jumuiya ya Madola.

Seoul, 1988

Michezo ya Seoul ilifunguliwa tarehe 17 Septemba, 1988. Wangila alikuwa ametimiza miaka 21 wiki mbili tu kabla ya siku hiyo.

Mashindano ya ngumi yalikuwa na vurugu zake. Kwa sababu mabondia walikuwa wengi, waandaaji waliweka ulingo wa aina mbili katika ukumbi mmoja, mapambano mawili yakiendelea kwa wakati mmoja. Upande mmoja wakitumia kengele, upande mwingine king'ora. Ilitokea bondia akasikia mlio wa ulingo wa jirani, akadhani raundi yake imekwisha, akashusha mikono akapigwa. Juu ya hayo, maamuzi ya baadhi ya waamuzi yalilalamikiwa dunia nzima. Siku ya mwisho Mmarekani Roy Jones alimzidi mpinzani wake wa Korea ya Kusini mbele ya macho ya watu wote, lakini waamuzi watatu kati ya watano wakampa ushindi Mkorea. Jones alipewa Kombe la Val Barker, lakini dhahabu hakuipata.

Ndani ya mashindano ya namna hiyo Wangila alipanda hatua moja baada ya nyingine. Mashindano ya Olimpiki ni ya mtoano: ukipoteza mara moja unafunga mizigo. Kwa hiyo bondia hana nafasi ya kusema leo nimeamka vibaya. Alifika nusu fainali, ambapo alipangiwa Jan Dydak wa Poland. Dydak hakupanda ulingoni, na Wangila akapita bila kupigana. Katika nusu fainali nyingine, Mfaransa Laurent Boudouani alimtoa Kenneth Gould wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ridhaa wa mwaka 1986. Ni dhahiri, basi, kwamba Boudouani hakuwa mtu wa kubahatisha.

Fainali ilifikia raundi ya pili tu. Wangila alimwangusha Boudouani, hesabu ikafika kumi, na pambano likawa limekwisha. Waamuzi wale watano hawakuwa na la kuamua. Katika mashindano ambayo kalamu za waamuzi ziliwanyima watu haki yao, kijana huyu wa Nairobi aliondoa shaka yote kwa konde.

Wapo wanaosema kwamba dhahabu ile ilikuwa nyepesi kwa kuwa Kuba, nchi yenye mabondia wakali, haikushiriki Seoul. Ni kweli Kuba haikushiriki. Lakini mwanamichezo hupambana na wale waliowekwa mbele yake. Boudouani huyo aliyehesabiwa kumi alikuja kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa kuanzia mwaka 1996 hadi 1999. Mtu wa namna hiyo haangushwi na bahati.

Kenya ilirudi kutoka Seoul na medali 9, kati ya hizo 5 za dhahabu. Nne zilikuwa za riadha: Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi. Ya tano ilikuwa ya Wangila, nayo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ambayo Kenya iliipata nje ya riadha. Mwenzake Chris Sande alipata shaba katika uzito wa kati. Tangu siku ile hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Kenya haijapata tena medali ya ngumi ya Olimpiki.

Kutoka ridhaa kwenda kulipwa

Sasa nifikie sehemu ya pili ya maisha yake, nayo ni fupi.

Bondia wa ridhaa aliyepata dhahabu ya Olimpiki anakuwa amefika kileleni. Medali haimpi chakula. Ana miaka 21, ana jina, na ana mikono inayotafutwa. Mwaka 1989 Wangila alikwenda Marekani akaingia ngumi za kulipwa. Wala siwezi kumlaumu. Kijana yeyote wa Bariadi aliyemaliza shule na kwenda kutafuta riziki Mwanza, Geita au Dar es Salaam anamwelewa.

Lakini huko mipaka ilikuwa mingine. Kofia ya kukinga kichwa ilivuliwa. Raundi 3 zikawa 8, 10, hata 12 katika mapambano ya ubingwa. Hapakuwa na timu ya taifa, wala kambi, wala wenzake wa tangu utoto waliokaa naye meza moja. Kulikuwa na mkataba, wakala na watazamaji waliolipa viingilio. Wangila alishinda mapambano mengi, lakini alishindwa mengine, na ukanda wa ubingwa wa dunia hakuupata.

Tarehe 22 Julai, 1994, alipanda ulingoni Las Vegas kupigana na David Gonzales. Pambano lilifika raundi ya tisa. Mtu aliyefika raundi ya tisa amekwisha kupigana dakika 24, yaani karibu mara tatu ya pambano zima la ridhaa, kwa usiku mmoja. Katika raundi hiyo mwamuzi aliona makonde yamezidi, akasimamisha pambano. Wangila alilalamika, akionyesha kwamba alikuwa na uwezo wa kuendelea. Alitoka ulingoni kwa miguu yake. Alipofika katika chumba cha kubadilishia nguo alianguka akapoteza fahamu. Alipelekwa hospitali, madaktari wakampasua kichwa, lakini hakuzinduka. Alifariki tarehe 24 Julai, 1994. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Madaktari wanaeleza kwamba konde la kichwa huutikisa ubongo ndani ya fuvu, na mishipa midogo ya damu inaweza kukatika. Damu huvuja polepole na kuugandamiza ubongo. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama, kuzungumza, hata kubishana na mwamuzi, kumbe tayari ameumia vibaya. Kofia ya ridhaa huzuia michubuko na kupasuka kwa ngozi, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike. Kinga iliyo kubwa ni kupunguza idadi ya makonde ambayo kichwa kinapokea, na anayeweza kufanya hivyo ni yule mwenye amri ya kusema basi.

Habari ilipotufikia

Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha kwanza. Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Habari za kifo cha Wangila zilitufikia kwa redio ya mwalimu wa bweni. Nakumbuka tulikuwa kwenye foleni ya ugali na maharage, sahani mikononi, tukabishana mpaka mpishi akatufokea. Wengine walisema mwamuzi amehongwa, wengine wakasema amerogwa na wapinzani wake. Karibu wote tulikubaliana juu ya jambo moja, kwamba mwamuzi angemwacha aendelee, Wangila angeshinda.

Tulikuwa watoto. Lakini nimewasikia watu wazima wakisema vivyo hivyo katika mapambano ya siku hizi. Mwamuzi akisimamisha pambano, chupa za maji zinarushwa. Sisi tuliokulia katika mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu tunajua nguvu ya watazamaji. Mchezaji aliyechoka, akisikia upande wake unapiga kelele, huongeza mbwembwe mpaka magoti yanamwishia. Katika ngoma, hasara yake ni kuamka kesho yake na maumivu ya miguu. Katika ngumi hasara ni nyingine.

Kwa nini nimeandika haya

Mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliye kidato cha tatu, alinijia nyumbani jioni akaniamkia, akakaa, akanieleza kwamba anataka kuacha shule aende Mwanza kupigana ngumi za kulipwa. Mtu mmoja alimwahidi shilingi laki moja kwa pambano la kwanza. Alikuwa hajawahi kupigana hata pambano moja la ridhaa lenye mwamuzi na daktari. Dada yangu alikuwa amekwisha kulia machozi mpaka yakakauka, akanitumia mimi, mjomba, kama tegemeo la mwisho.

Sikumwambia ngumi ni mbaya, kwa maana siamini hivyo. Nilimweleza maisha ya Wangila, kama nilivyowaeleza ninyi. Nikamwonyesha kwamba bingwa yule hakuanza na fedha. Alianza na mizani, na raundi tatu, na mwalimu wa kumwambia leo inatosha. Alifika Seoul akiwa amezungukwa na watu waliokuwa na mamlaka juu yake. Nikamwonyesha pia kwamba hata mtu mwenye dhahabu ya Olimpiki, mwenye mikono iliyomwangusha bingwa wa dunia wa baadaye, hakuweza kujua mwenyewe kuwa ameumia. Sasa yeye, mtoto wa kidato cha tatu, atajuaje?

Kijana alikaa kimya muda mrefu. Kisha aliniuliza kama hapa Bariadi yupo mtu wa kumfundisha ngumi za ridhaa. Swali hilo lilinishinda, na ndilo ninalolileta mbele yenu.

Ndugu zangu, tutakapokusanyika mwaka huu tutachanga fedha za madawati na rangi ya madarasa kama kawaida yetu, na hayo ni mema. Lakini wapo miongoni mwetu madaktari, wauguzi, walimu wa michezo, askari wa polisi na wa magereza. Naomba tukae saa moja tu tuone kama tunaweza kuwapatia vijana hawa ukumbi, mizani, glavu jozi chache, mwalimu aliyejifunza, na daktari wa kuwapima kabla na baada ya pambano. Tuwawekee na masharti mawili: asiyehudhuria masomo asipande ulingoni, na mwalimu akisema basi, hapana mjadala. Tukiwaacha peke yao, watapigana hata hivyo, ila watapigana kwa yule anayewaahidi laki moja.

Nanyi wanafunzi, mkimpenda Wangila, mpendeni kwa njia aliyoipita mpaka Seoul, siyo kwa dhahabu yake tu. Na siku mkiwa watazamaji, mwamuzi akamshika mkono bondia mnayemshangilia na kumtoa ulingoni akiwa bado anataka kupigana, msirushe chupa. Mshangilieni mwamuzi.

Mungu ailaze roho ya marehemu Robert Napunyi Wangila mahali pema.